Kilima cha Nabii Yona na Majina Yaliyokutwa Chini Yake

Shikamooni wazee wetu, na salamu kwenu wanafunzi. Najua wengi mmekuja na swali moja: makaburi ya manabii yamepatikana au hayajapatikana? Nalijibu sasa hivi. Hakuna kaburi hata moja la nabii wa Agano la Kale ambalo wanaakiolojia wamelithibitisha. Kila mwaka video zinazunguka kwenye simu zikidai vingine, na kila mwaka narudia jibu hili hili.

Nianze na Yona, na kwake nitakaa.

Mkabala na mji mkongwe wa Mosul, Iraq, ng'ambo ya mto Tigris, ndani ya kuta za Ninawi, mji ambao Yona alitumwa kuuhubiria, kuna kilima kinachoitwa Nabi Yunus. Juu yake palikuwa na monasteri ya Wakristo, baadaye msikiti, na msikitini kaburi lililosemwa kuwa la Yona. Katikati ya karne ya 19 Mwingereza Austen Henry Layard alikuwa akiichimba Ninawi, lakini kilima hiki hakuweza kukigusa, kwa kuwa ni mahali patakatifu. Akasikia kwamba mwenye nyumba mmoja pale juu anataka chumba cha chini ya ardhi cha kukimbilia joto la kiangazi. Akajitolea kumchimbia bure, kwa sharti kwamba vitu vya kale vitakavyotokea viwe vyake. Wakachimba, wakakuta kuta na matofali yenye jina la Esar-hadoni, mfalme wa Ashuru.

Mwaka 1954 Wairaki nao wakachimba pale, wakakuta vipande vya sanamu za Taharka, farao aliyetoka Kushi, yaani Sudan ya leo. Mwafrika, katikati ya Ninawi! Fungueni 2 Wafalme 19. Mstari wa 9 utakutana naye kwa jina la Tirhaka, mfalme wa Kushi, na mstari wa mwisho wa sura hiyo hiyo utamkuta Esar-hadoni akirithi ufalme wa baba yake. Esar-hadoni huyu ndiye aliyeuteka Memphis, mji wa Misri, mwaka 671 KK na kusomba mali za Misri. Watu wawili wa sura moja, wamekutwa kilima kimoja, majina yao yamechongwa kwenye mawe! Mmewahi kuhubiriwa hili? Hamjawahi, kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye mifupa ya Yona.

Tarehe 24 Julai 2014 wapiganaji wa Dola la Kiislamu waliulipua msikiti ule, kisha wakachimba mahandaki chini yake wakitafuta vya kuuza. Upande ule wa mji ulipokombolewa mapema 2017, wataalamu wa Iraq waliingia mahandakini wakakuta jumba la kifalme la Waashuru na maandishi ya Esar-hadoni. Ya Yona hayakuonekana.

Mtu ataniambia, "Basi unasema Yona hakuwepo." Sijasema, na nimechoka kuwekewa maneno mdomoni. Yona bin Amitai anatajwa katika 2 Wafalme 14:25, mtu wa Gath-heferi, kule Galilaya. Karibu na hapo, kijiji cha Mashhad, watu huonyesha kaburi lake. Halhul, karibu na Hebroni, analo jingine. Kitabu chake chenyewe hakisemi alifia wapi.

Mwingine atauliza kwa nini hawapimi DNA. Wailinganishe na ya nani? Kipimo cha kaboni kinatoa umri wa mfupa, hakitoi jina. Jina hutoka kwenye maandishi. Halafu kumbukeni maziko ya Yuda wakati wa wafalme: pango la ukoo, maiti inalazwa juu ya benchi lililochongwa kwenye mwamba, na ikishabaki mifupa inasogezwa shimoni pamoja na ya baba na babu ili wengine wapate nafasi. Bila maandishi, utamtoaje mtu mmoja humo?

Naona naonyeshwa saa. Basi kwa haraka. Mlima wa Mizeituni wanaonyesha kaburi la Hagai, Zekaria na Malaki. Mfaransa Charles Clermont-Ganneau alikwisha kueleza karne ya 19 kwamba mashimo yale ya maziko ni ya mtindo wa karne nyingi baada yao. Jabal Harun, karibu na Petra huko Jordan, panaposemwa kuna kaburi la Haruni, wanaakiolojia wa Finland walichimba wakapata monasteri ya zama za Bizanti, na ni ugunduzi mkubwa hata kama Haruni hayumo. Musa ana jengo la kaburi karibu na Yeriko, lililojengwa na Sultani Baybars karne ya 13, wakati Kumbukumbu la Torati 34:6 inasema wazi, "hapana mtu ajuaye kaburi lake hata leo." Hilo hata koleo halihitaji.

Danieli namwacha. Ana kaburi Shush, Iran, na jingine Samarkand, Uzbekistan. Karibuni maswali, na atakayetaja video aniambie kwanza ni maandishi gani yaliyosomwa kaburini, na nani aliyeyasoma.