Anayetaka Kutoka Hutendewa Nini? Mhadhara Uliotolewa Arua

Wazee wetu, mashehe, mapadri, wachungaji, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliojibana huko nyuma: asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristu. Nimezisema zote tatu kwa sababu kutoka hapa nilipo naona kofia, naona kola, naona rozari, na sitaki mtu aondoke akisema alisahauliwa kabla hatujaanza.

Swali nililopewa ni hili: dini inaishia wapi, na kikundi cha upotofu kinaanzia wapi? Waliponipigia simu waliomba nije na dalili saba, ili kila mmoja aende nazo nyumbani akampime nabii wa mtaa wake. Sikuja nazo. Dalili za kuwapima wengine hutungwa upesi sana, na kwa kawaida mtungaji mwenyewe hufaulu mtihani wake.

Kwanza tuyaondoe majibu ya haraka.

Wengi husema: hao wamepotoka kwa sababu wanaamini mambo ya ajabu. Jamani! Mwislamu anaamini kwamba Mtume alitoka Makka akafika Yerusalemu na kupaa mbinguni katika usiku mmoja. Mkatoliki anaamini kwamba ule mkate wa altareni ni mwili wa Kristo, tena hasemi kwa mafumbo. Mkristo yeyote anaamini kwamba aliyezikwa Ijumaa alifufuka Jumapili. Baadhi ya hayo nayaamini mimi mwenyewe kwa moyo wote, na najua jirani yangu akiyasikia huona ni hadithi za bibi. Tukiufanya uajabu kuwa kipimo, ukumbi huu utabaki na viti vitupu.

Wengine husema: ni dini mpya. Haya, twendeni Namugongo, karibu na Kampala. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga walichomwa moto kwa kuikataa amri ya mfalme wao. Wamisionari wa Kiprotestanti walikuwa wameingia Buganda mwaka 1877, Wakatoliki mwaka 1879. Kwa hiyo dini iliyowafanya vijana wale wafe ilikuwa haijatimiza hata miaka kumi katika nchi hiyo. Mbele ya wazee wa ikulu hao walikuwa watoto waliolishwa maneno na wageni, wakawadharau baba zao na kuyapa mgongo mambo ya ukoo. Mzazi wa leo angesema wamepumbazwa. Waislamu nao walikuwa wamekwisha kuonja hayo katika miaka ya 1870, Kabaka Mutesa, baba yake Mwanga, alipowaua waliokataa kula nyama iliyochinjwa na mtu asiye Mwislamu. Leo 3 Juni ni sikukuu ya taifa, na 22 kati ya waliouawa, wale Wakatoliki, ni watakatifu tangu 1964.

Kwetu huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, tuna habari ya Yakan. Rembe, mtu wa Wakakwa, aliwapa watu maji ya kunywa, na waliokunywa waliahidiwa kinga, hata dhidi ya risasi. Waliosoma habari za Maji Maji ya Tanganyika ya mwaka 1905 watatambua wimbo. Waingereza walimnyonga Rembe, na mwaka 1919 wakaizima harakati yenyewe kwa bunduki. Katika majalada ya serikali Yakan ni kikundi hatari. Lakini waliokunywa maji yale walikuwa wamezongwa na maradhi, kodi na wageni wenye silaha, wakatafuta nguvu pale walipojua pa kuitafuta. Sisemi maji yale yalizuia risasi, hayakuzuia. Nasema tu kwamba mwenye bunduki ndiye aliyeandika jina kwenye jalada.

Udogo pia hautusaidii. Mwaka 1914 Joswa Kate Mugema na Malaki Musajjakawa walianzisha kule Buganda kanisa lililowavuta makumi ya maelfu, na fundisho lao kubwa lilikuwa kuikataa dawa, pamoja na chanjo. Serikali iliwahamisha kwa nguvu mwaka 1929. Ndani ya kanisa hilo hilo alikuwamo Semei Kakungulu, yule jemadari wa mashariki ya Uganda. Mwaka 1919 akajitenga, akafuata sheria za Musa, na wafuasi wake ndio Abayudaya, yaani Wayahudi, wa Mbale. Ni wachache mno, wana masinagogi yao, na sijamsikia mtu akiwaogopa. Wakubwa walikuwa tatizo, wadogo wakawa majirani.

Sasa Kanungu, kule kusini magharibi mwa Uganda, na hapa nitakaa.

Tarehe 17 Machi 2000 jengo la ibada la kikundi kilichojiita Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu liliungua likiwa limejaa watu. Siku zilizofuata polisi walifukua miili mingine katika nyumba za kikundi hicho, Rugazi na kwingineko, hata Buziga pale Kampala. Hesabu ilipita 700. Watoto walikuwa wengi.

Watu wanapenda kusema ni ujinga wa vijijini. Dominic Kataribabo, mmoja wa viongozi, alikuwa padri mwenye shahada ya uzamili kutoka chuo kikuu cha Marekani. Joseph Kibwetere alikuwa mtu wa elimu na siasa, anayeheshimika kwao. Credonia Mwerinde, ambaye wengi humwona kuwa ndiye aliyeshika usukani hasa, alieleza kwamba Bikira Maria alimtokea. Walisali rozari. Walihubiri Amri Kumi, zile zile ambazo sisi sote tulizikariri shuleni. Na walikuwa na cheti cha usajili kutoka serikalini, kwa hiyo anayesema dawa ni usajili tu aanze kwa kunieleza hicho cheti.

Basi kosa lilikuwa wapi? Tazameni maisha ya kila siku pale ndani. Mtu akiingia aliuza alichonacho akaleta fedha. Mume na mke walitenganishwa. Chakula kilipunguzwa, kazi ikaongezwa. Na watu hawakuzungumza. Waliwasiliana kwa ishara za mikono, kwa hoja hii: amri inakataza kumshuhudia jirani yako uongo, na asiyefungua kinywa hawezi kusema uongo. Mkiitazama hoja hiyo juu juu mtaona utakatifu wa hali ya juu. Itazameni tena. Mahali ambapo mtu haruhusiwi kusema, hakuna awezaye kumwuliza mwenzake, “Hivi wewe unaelewa fedha zetu zimekwenda wapi?” Hakuna awezaye kugundua kwamba wa pembeni yake naye ana shaka. Kila mmoja anadhani ni yeye peke yake mwenye imani haba. Mimi nikiulizwa ni lini Kanungu ilivuka mpaka, sitaji siku ya moto. Nataja siku ile kuuliza kulipofanywa dhambi.

Halafu ikaja tarehe. Walitangaza kwamba dunia ingekwisha mwaka 1999 ukiisha. Haikuisha. Kutabiri vibaya si jambo la ajabu katika historia ya dini. Wapo waliokosea tarehe, wakainamisha vichwa, wakaendelea na ibada, na leo ni makanisa yenye shule na hospitali. Lakini aliyekwisha kuuza shamba ana swali zito kuliko la theolojia: anataka shamba lake. Baada ya mkasa ilielezwa kwamba baadhi walikuwa wameanza kudai mali zao. Ndipo ikatangazwa tarehe nyingine. Wakachinja ng'ombe, wakanunua soda, wakaaga. Na milango na madirisha ya lile jengo yalikuwa yamepigiliwa misumari.

Kwa hiyo swali langu mimi ni moja: anayetaka kutoka hutendewa nini? Anayesema “sikubali”, anayeomba hesabu ya sadaka, anayetaka kumpeleka mtoto hospitali, anayetaka kurudi kwa mama yake. Niambie anatendewa nini, nami nitakuambia uko upande gani wa mpaka, hata kama sijui unaamini nini.

Naona padri ananitazama, na najua anachotaka kusema. Watawa wetu je? Sista anaacha mali, anaacha ndoa, anaahidi utii, na nyumba nyingine zina saa za kimya. Si ndiyo Kanungu ile ile? Hoja nzuri, wala siikimbii. Sheria ya Kanisa inataka unovisi, yaani muda wa majaribio kabla ya nadhiri, usiopungua miezi 12. Baada yake ni nadhiri za muda, zisizopungua miaka mitatu, na zikiisha dada huyo anaweza kufunga sanduku lake akaenda nyumbani bila kuvunja ahadi yoyote. Nadhiri za daima huja baada ya hapo, na hata hizo zina njia yake ya kuziacha. Msimamizi wa nyumba ana askofu juu yake, na askofu ana Roma. Kuingia kunacheleweshwa kwa makusudi! Kanungu kuingia kulikuwa upesi, kwa sababu shamba liliuzwa kabla ya akili kutulia.

Ndivyo ilivyo kwa ndugu zetu wa tarika, vyama vya Kisufi. Mridi, yaani mwanafunzi, huambiwa awe mbele ya shehe wake kama maiti mikononi mwa mwoshaji. Ni neno zito. Lakini shehe mwenyewe yuko chini ya Kurani na Sunna, na shehe wa mtaa wa pili ana haki ya kusimama akasema, “Hapo umekosea.” Kiongozi asiye na wa kumwambia hivyo, awe nabii wa jana au askofu wa miaka 30, mimi hunitia baridi.

Kuhusu watoto nitasema kwa ufupi, maana sioni cha kujadili. Mtu mzima akiikataa dawa kwa imani yake, nitamsihi, nitabishana naye hadi jioni, mwisho nitamwacha. Mtoto wa miaka miwili hajachagua imani yoyote. Uganda ina Sheria ya Chanjo ya 2017 inayomtaka mzazi amchanje mtoto, na huo si uonevu wa dini ya mtu.

Sasa wapo wanaotaka serikali ifanye kazi yote: ifunge vikanisa, iwadai wachungaji vyeti vya theolojia. Sera ya mashirika ya dini imejadiliwa Kampala miaka mingi. Mimi hapo naenda polepole, na ninyi wa West Nile mnajua sababu kuliko watu wa mahali pengine. Mwaka 1977 Idi Amin, mtu wa kwetu, alipiga marufuku madhehebu zaidi ya 20 kwa mkupuo. Wabatisti, Waadventista, Jeshi la Wokovu, wote wakawa kundi moja la watu hatari. Waliobaki na ruhusa ni Waislamu, Wakatoliki, Kanisa la Uganda na Waorthodoksi. Mwaka ule ule Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda, lenye ruhusa, aliuawa. Waliofungiwa walisali majumbani kwa siri. Serikali inayopima imani huishia kuogopa kila mtu anayesali bila kuitaja.

Katiba yetu ya 1995 inasema katika ibara ya 7 kwamba Uganda haitakuwa na dini ya taifa, na ibara ya 29 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu kwa namna isiyokiuka Katiba hiyo. Naona inatosha. Mtu akifungiwa ndani, hilo ni kosa. Akinyang'anywa ardhi kwa hila, ni kosa. Mtoto akinyimwa chakula, ni kosa. Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, na polisi hawahitaji kujua theolojia ili wagonge mlango. Shakahola kule Kilifi, Kenya, ambako tangu 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, kesi zipo mahakamani na sizihukumu mimi. Lakini mashtaka yenyewe ni ya vifo vya watu, wala si ya namna ya kusali.

Kuna jambo moja ambalo huenda likaniharibia chakula cha mchana. Mpaka huu haupiti kati ya kanisa lako na kile kibanda cha mabati kando ya barabara. Unapita humo humo ndani ya nyumba zetu za heshima. Familia inayomfanyia matanga binti aliye hai kwa sababu amebadili dini. Parokia inayokataa kumzika mzee kwa kuwa kadi yake ya zaka haijajazwa. Mchungaji anayemwambia mama mwenye virusi vya UKIMWI kwamba kumeza vidonge ni kukosa imani. Haya nimeyaona katika dini kubwa, zenye majengo ya matofali na vyeti ukutani. “Hapana kulazimishana katika dini,” inasema Al-Baqara aya ya 256, na mara nyingi huisoma yule yule anayekataa kuitikia salamu za mpwa wake aliyeokoka.

Mwisho, mama mmoja aliniuliza nje kabla hatujaingia: kijana wake amejiunga na watu wa mkesha, haji tena nyumbani, afanye nini? Mama, usianze kwa kumtukana nabii wake, maana amekwisha kuambiwa kwamba utamtukana, na ukifanya hivyo utakuwa umetimiza unabii. Mpigie simu. Muulize kama amekula. Mpe habari za mbuzi na za dada zake. Fedha usimtumie, akiwa na shida ya kitu, mletee kitu chenyewe. Hati ya shamba iweke kwa mtu mwingine wa ukoo. Kitanda chake usikitoe, na wadogo zake waonye wasimcheke siku akirudi, kwa sababu wengi huchelewa kutoka kwa kuiogopa aibu ya kurudi tu. Na ukisikia kwamba kuna watoto ndani hawali au hawatibiwi, hapo acha upole, nenda polisi siku hiyo hiyo.

Haya, saa yangu imekwisha. Padri ameinua mkono zamani, tuanze na yeye, kisha yule dada mwenye kitenge cha bluu.