Leigh Brackett, mwanamke aliyeandika filamu ya Momela

ELIBARIKI: Karibuni tena. Tunarekodi hapa Kijenge, Arusha. Mimi ni Elibariki, na kama kawaida niko na dada yangu Neema. Leo tuna mtu mmoja tu wa kumzungumzia.

NEEMA: Na nimefurahi kwamba ni mwanamke. Filamu ya Hatari! ya mwaka 1962 watu wa utalii hapa mjini wanaijua. Mpeleke Momela, huko karibu na Arusha ilikopigwa, mgeni wa Kimarekani mwenye umri mkubwa kidogo, hachelewi kuitaja. Atakutajia mwigizaji John Wayne, atakutajia mwongozaji Howard Hawks. Leigh Brackett hamtaji.

ELIBARIKI: Na skripti ni ya kwake. Wazo la hadithi linaandikwa kwa jina la Harry Kurnitz, ila skripti ni Brackett. Tuanzie alikotoka. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1915. Mwaka 1940 akaanza kuchapisha hadithi za sayari ya Mirihi kwenye yale majarida ya bei nafuu. Mwaka 1944 akatoa riwaya ya upelelezi, No Good from a Corpse. Hawks akaisoma, akapenda wahusika wanavyojibizana, akaagiza aitiwe huyo bwana Brackett.

NEEMA: Bwana!

ELIBARIKI: Akaingia binti wa miaka 28. Kazi akapewa vilevile. Ilikuwa The Big Sleep, kutoka riwaya ya Raymond Chandler, na mwenzake wa kuandika ni William Faulkner, huyuhuyu aliyekuja kupata tuzo ya Nobel. Faulkner akaigawa riwaya: sura hizi zako, hizi zangu. Kila mmoja akaenda chumbani kwake kuandika.

NEEMA: Na wakati anaitwa, Brackett alikuwa katikati ya hadithi nyingine. Akampa rafiki yake Ray Bradbury aimalizie. Hapo ndipo alipoanza kunivutia. Nimekaa na waandishi wachanga wengi hapa Arusha, kila mmoja ana skripti moja anayoipenda kama roho yake, na kazi ya mtu mwingine ikija anaiona kama inamchelewesha. Yeye aliacha hadithi nusu, akaenda kujifunza ufundi wa filamu kwenye filamu yenyewe.

ELIBARIKI: Filamu ikatoka mwaka 1946. Halafu kwa muda mrefu akarudi zaidi kwenye vitabu, akaolewa na mwandishi mwenzake Edmond Hamilton, wakahamia shambani Ohio. Hawks akamrudia kwa Rio Bravo ya mwaka 1959. Sasa twende Momela, maana ndiyo sababu ya kukaa hapa.

NEEMA: Ngoja niieleze hiyo filamu kwa ambaye hajaiona. Ni kundi la wakamataji wa wanyama. Wanapata oda kutoka kwenye bustani za wanyama za nje, wanatoka na magari kuwakimbiza: twiga, nyati, kifaru. John Wayne anakaa kwenye kiti kilichofungwa pembeni mbele ya gari, juu ya madigadi, ameshika mti mrefu wenye kitanzi. Na kweli ni yeye amekaa pale, gari linakimbia, mnyama anakimbia.

ELIBARIKI: Ndiyo shida ya mwandishi ilipo. Hawks alitaka waigizaji wenyewe wakamate wanyama. Kifaru hajasoma skripti. Huwezi kuandika kwamba hapa anageuka kulia, hapa anaangusha mtu. Mnapiga picha, mnaangalia mmepata nini, hadithi inafuata. Walipiga picha huku Tanganyika mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, nyingine zikapigwa Hollywood, na mwandishi akawa na kazi ya kuunganisha watu na wanyama waonekane wanaishi siku moja.

NEEMA: Na angalia alivyounganisha. Hakujaribu kutunga kisa kikubwa, sijui magendo, sijui mauaji. Aliichukua ile orodha ya oda kuwa uti wa mgongo. Msimu unaanza, kuna wanyama wa kukamata, msimu unaisha. Kifaru anakuja mwanzoni kabisa na anamjeruhi mmoja wao, wanamkimbiza hospitali hapa Arusha. Basi kutoka hapo unajua kuna deni. Kila wakifuta mnyama kwenye orodha, kifaru bado yupo. Hivyo hata ile mizaha ya jioni, kinanda, mapenzi, tembo wadogo wanaomfuata yule mpigapicha wa kike, unaiangalia ukiwa na wasiwasi kidogo. Dakika 157, na mambo yaliyoshikilia ni mawili tu: orodha na kifaru.

ELIBARIKI: Mimi naona filamu inalegea katikati, dada. Ile mashine ya kurusha wavu kwa roketi juu ya mti wa nyani imechukua muda mrefu mno.

NEEMA: Imechukua, ndiyo. Lakini mtu anayetaka kushuti hapa kwetu bila hela nyingi aiangalie ile filamu kwa ajili ya hilo tu, namna mwandishi anavyochukua kilichopatikana siku ya kushuti na kukitafutia nafasi. Sisi tukipata mvua siku ya lokesheni tunafunga vifaa tunaondoka.

ELIBARIKI: Sasa na mimi niseme langu zito. Filamu ilipigwa kabla ya uhuru, ikatoka baada ya uhuru. Tarehe 9 Desemba 1961 iko katikati hapo. Na ukiitazama unaona wanaume wa huku wanakimbia na kamba, wanashikilia mnyama, wanapakia. Kazi ya hatari wanaifanya kweli. Lakini skripti haiwapi nyumba, haiwapi mke, haiwapi neno la maana la kusema. Maisha yote yako kwa wageni.

NEEMA: Nakubaliana na wewe, na simtetei Brackett. Alijua kuandika kundi la watu wa kazi kuliko karibu mwandishi yeyote wa wakati ule, kila mmoja na ulimi wake. Angeweza.

ELIBARIKI: Wenzetu waliokuwepo bado wapo wachache. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita 80. Kama una babu Momela, Ngarenanyuki au Usa River aliyeshika zile kamba, mrekodi. Hata kwa simu.

NEEMA: Amina. Turudi kwa mama. Kwenye El Dorado, ya mwaka 1966, Hawks alimpa riwaya ya Harry Brown. Akaandika hadithi ya huzuni, aliyoipenda sana. Hawks akaigeuza, ikaanza kufanana na Rio Bravo. Alipinga kurudia mambo yaleyale, kisha akakaa akaandika alichotakiwa.

ELIBARIKI: Hilo linauma.

NEEMA: Linauma, lakini kwenye filamu mwongozaji ndiye anayeamua, na yeye alilijua hilo tangu 1944. Televisheni nayo hakuiacha: The Alfred Hitchcock Hour mwaka 1963, The Rockford Files mwaka 1975. Katikati hapo, mwaka 1973, ikatoka The Long Goodbye ya Robert Altman. Ni yuleyule mpelelezi Philip Marlowe wa The Big Sleep, miaka 27 baadaye. Safari hii akabadilisha mwisho wa riwaya, Marlowe anampiga risasi rafiki yake. Altman aliupenda mwisho ule kiasi kwamba alitaka mkataba useme haubadilishwi.

ELIBARIKI: Halafu akaja George Lucas, yule wa filamu za Star Wars. Brackett akaandika rasimu ya kwanza ya filamu ya pili ya Star Wars, The Empire Strikes Back, akaikabidhi Februari 1978. Tarehe 18 Machi mwaka huohuo akafariki kwa saratani. Lawrence Kasdan akaendelea, filamu ikatoka 1980, majina yao wote wawili yako pale. Mwaka 1981 ikapata Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi.

NEEMA: Na kwenye rasimu yake Darth Vader, yule adui mkuu, si baba yake Luke, shujaa wa hadithi. Baba anatokea kama mzimu. Lile jambo ambalo dunia nzima inalikumbuka, kwamba Vader ndiye baba, halikuwa lake. Kwa hiyo wapo wanaosema jina lake liliwekwa kwa heshima tu.

ELIBARIKI: Mimi sikubali. Yeye ndiye wa kwanza kugeuza muhtasari wa Lucas kuwa maeneo yenye watu wanaozungumza. Anayefuata anapata kitu cha kukosoa.

NEEMA: Mimi niko katikati. Heshima ipo ndani yake, ila kazi pia ipo.

ELIBARIKI: Rasimu yenyewe inasomeka, ipo. Wiki ijayo tuichukue eneo kwa eneo, mimi nisome wanaume, wewe uwasome wengine wote.

NEEMA: Leia, yule binti mfalme, ni wangu, usimguse. Tukutane wiki ijayo.