Nahodha Zuhura na Mzee wa Mbwa

KASSIM: Shikamoo nahodha!

ZUHURA: Marahaba, na uache kucheka. Wasikilizaji, Jumamosi mimi na wanangu tulikodi mashua, tukateremka Mto Thames, huku Uingereza, toka mji wa Oxford mpaka mji wa Abingdon.

KASSIM: Hazifiki kilomita 15. Mmetoka saa nne asubuhi, mmefika saa tisa alasiri.

ZUHURA: Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 8 kwa saa. Ukizidisha, mawimbi yanakula kingo na kuwamwagia chai waliofunga mashua zao kando.

KASSIM: Na mzee?

ZUHURA: Usianze.

KASSIM: Wasikilizaji wanamtaka mzee!

ZUHURA: Haya. Mzee ana fimbo na kijibwa cha miguu mifupi. Tulimpita pale kwenye daraja la Folly Bridge, wanangu wakampungia mkono kwa maringo. Tukafika loki ya Iffley, foleni. Unaingia kama kwenye chumba, milango inafungwa nyuma, maji yanatolewa, mnashuka polepole kama ndoo kisimani. Milango ya mbele ikafunguka. Nani yuko benchini?

KASSIM: Anakula sandwichi!

ZUHURA: Tukampita tena. Loki ya Sandford, ile inayoshuka karibu mita 2.7, natazama juu, kijibwa kinanichungulia kama mdai.

KASSIM: Kilimwambia mzee, "Hawa tuwasubiri."

ZUHURA: Mwanangu mdogo akauliza, "Mama, kwa nini hatukutembea?"

KASSIM: Ana akili huyo. Dada, huo si mto. Toka Lechlade huko juu mpaka Teddington karibu na London kuna loki 44. Hiyo ni ngazi!

ZUHURA: Bila loki, maji yangekimbia yote, na kiangazi ungesukuma mashua kwenye matope.

KASSIM: Mto unaanzia Teddington, maji yanapojaa na kupwa. Huko juu mlikaa ndani ya mabeseni.

ZUHURA: Wewe wa Lamu, kisicho na bamvua kwako si maji.

KASSIM: Kwetu maji yakikupwea njiani, unalala mchangani mpaka yajae. Hiyo ndiyo safari.

ZUHURA: Hiyo ni kukwama, kaka! Kilichozuiwa hakiachi kuwa mto. Mabata maji yapo, mierebi ipo, mkondo upo.

KASSIM: Sikubali.

ZUHURA: Wala mimi. Ukija na mashua yako ya tanga, tutaona upepo utaupata wapi katikati ya ile miti.

KASSIM: Nitapiga kasia.

ZUHURA: Na mzee atakupita.

KASSIM: Huyo atampita hata Vasco da Gama! Lakini dada, zimebaki dakika mbili, na tuliahidi mambo matano kwa anayetaka kukodi.

ZUHURA: Moja tu basi. Ndani ya loki usiifunge kamba. Izungushe kwenye nguzo, uishike mkononi. Ukiifunga, maji yakishuka mashua inabaki inaning'inia.

KASSIM: Mengine manne?

ZUHURA: Wiki ijayo.

KASSIM: Na Abingdon je?

ZUHURA: Abingdon nilirusha kamba, ikatua majini. Nikairusha tena.

KASSIM: Ikadakwa na...

ZUHURA: Muda umekwisha, Kassim.

KASSIM: Ikadakwa na nani?