Kauri Inayosikia Setilaiti

Habari za mchana, karibuni.

Fungueni kifaa cha kufuatilia gari, kile kinachofichwa nyuma ya dashibodi ya basi. Ndani mtakuta kijipande cha kauri cha mraba, mara nyingi milimita 25 kwa 25, juu kimepakwa fedha. Hiyo ndiyo antena ya GPS. Imewezaje kuwa ndogo kiasi hicho?

Setilaiti za GPS hurusha mawimbi kwa masafa ya megahezi 1575.42. Hewani wimbi hilo lina urefu wa sentimita 19, na antena bapa ya aina hii, yaani bamba mbili za metali zinazotazamana, huhitaji karibu nusu yake: sentimita 9.5. Haiingii kwenye kasha lile.

Ujanja uko kwenye kinachowekwa kati ya bamba la juu na la chini. Wimbi likiingia kwenye kauri hupunguza mwendo. Masafa yanabaki yale yale, kwa hiyo kinachofupika ni urefu wa wimbi. Kila maada ina namba yake inayoonyesha jinsi inavyopunguza mwendo wa wimbi, thabiti ya dielektriki: hewa ni 1, Teflon kama 2, bodi ya saketi ya kawaida, FR-4, karibu 4.4, na kauri hizi 20 hivi. Gawanyeni zile sentimita 9.5 kwa kipeuo cha pili cha namba hiyo. Kwenye FR-4 mnapata kama milimita 45. Kwenye kauri, 21. Ongezeni ukingo kidogo pembeni, ndiyo zile 25.

Najua mwanafunzi mmoja keshafikiria: basi tutafute kauri ya 80, tupate antena ya milimita 10! Inatengenezeka. Ila kauri yenye namba kubwa hivyo hung'ang'ania nishati chini ya bamba badala ya kuiachia hewani, na upana wa masafa, yaani eneo la masafa ambamo antena inafanya kazi vizuri, unabana. Mtafiti Chu wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, alishaonyesha mwaka 1948 kwamba antena ikizidi kuwa ndogo mbele ya wimbi lake, upana huo lazima ushuke. Maada yoyote mtakayochagua haiwatoi kwenye sheria hiyo. GPS inavumilia kwa sababu ishara yake ya kiraia inachukua takriban megahezi 2 tu. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 inataka zaidi ya 80. Huko kauri kama hii itawatesa.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu hulipitia haraka, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Thabiti ya kauri ikitofautiana kwa asilimia 1 tu kiwandani, antena inahama karibu megahezi 8. Antena yenye upana wa megahezi 10 hivi imeshakosa shabaha, na hakuna aliyekosea hesabu! Bodi rahisi yenye antena kubwa ingesamehe kosa hilo.

Hata kasha la plastiki ni maada yenye namba yake. Likikaribia kauri, huvuta masafa chini, ndiyo maana antena hizi huuzwa zikiwa zimepangwa kwa masafa ya juu kidogo ya megahezi 1575. Kwa hiyo msinipimie antena ikiwa uchi mezani kisha mniletee mchoro mzuri. Ipimeni ndani ya kasha, kifuniko kimefungwa, betri na nyaya zikiwa mahali pake.