Viridian ya kampuni tofauti: jinsi ya kulinganisha kijani kimoja cha rangi za maji

Habari zenu wapendwa, na wakubwa wote mnaotutazama, shikamooni. Karibuni Dodoma. Hapa mezani nina tyubu tano za rangi za maji, na kila moja ukiibonyeza inatoa kijani kilekile cha ubaridi, kinachovuta kidogo kwenye bluu. Nne ni rangi moja kabisa. Ya tano ni rangi nyingine inayofanana nazo kwa sura tu. Ukimaliza kutazama video hii nataka uweze kuitambua hiyo ya tano mwenyewe, na katika zile nne ujue ipi inaifaa kazi yako. Rangi hizi ni ghali, wengi wetu huku kati tunaziagiza Dar au nje ya nchi kabisa, na mtu aliyesubiri mzigo wake wiki nzima anastahili kufungua na kukuta alichokitaka.

Kijani chenyewe kinaitwa Viridian. Tuanze.

Hatua ya kwanza, kabla hujagusa brashi, geuza tyubu usome nyuma. Nasogeza kamera. Unaona haya maandishi madogo? PG18. Hiyo P ni pigmenti, yaani ule unga wenye rangi. G ni kijani kwa Kiingereza. Na 18 ni namba ya unga huo katika orodha ya kimataifa inayotumiwa na watengenezaji wote. Jina lililo mbele ya tyubu ni la kampuni, wanaweza kuliandika wapendavyo. Kodi hii, yaani hizo herufi na namba za nyuma, ndiyo inayokuambia umeshika nini.

Angalia sasa. Winsor & Newton ya Uingereza, ile ya Professional: Viridian, PG18. Daniel Smith ya Marekani: Viridian, PG18. M. Graham, nayo ya Marekani: Viridian, PG18. Hii ya Schmincke Horadam kutoka Ujerumani imeandikwa Chromium Oxide Green Brilliant, na mtu anaweza kuirudisha rafuni akidhani siyo. Geuza nyuma: PG18. Ni ileile. Ya mwisho ni Cotman, rangi za Winsor & Newton za bei nafuu kwa wanaojifunza. Mbele imeandikwa Viridian Hue. Nyuma? PG7. Ndiyo hiyo ya tano. Kampuni haijakudanganya, neno Hue limewekwa pale kukujulisha kwamba kijani kinafanana na Viridian lakini unga wake ni mwingine. Tatizo ni sisi wanunuzi kusoma neno la kwanza na kuliruka la pili.

Naomba nitulie kidogo hapa, kwa sababu tofauti ya unga huu ndiyo itakayoeleza kila utakachokiona kwenye karatasi. PG18 ni oksidi ya kromiamu iliyoshikamana na maji ndani yake. Pannetier aliitengeneza Paris mnamo 1838, na mwaka 1859 Guignet akasajili njia rahisi zaidi ya kuitengeneza. Wachoraji waliipokea kwa mikono miwili. Kijani kikali kilichokuwepo kabla yake kilitengenezwa kwa aseniki, na aseniki ni sumu. Wachoraji maarufu wa Ufaransa, Monet na Cézanne, walikuwa nayo kwenye rangi zao. PG7 ni mtoto wa juzi, ni fthalo ya kijani, iliyoingia sokoni miaka ya 1930. Chembe zake ni ndogo mno na zina nguvu mno. Chembe za PG18 ni kubwa zaidi na ni za upole. Shika hilo.

Hatua ya pili ni vifaa, na hapa sina mengi. Karatasi ya rangi za maji ya gramu 300, na majaribio yote yafanyike kwenye karatasi moja. Ukitumia karatasi mbili tofauti utakuwa unalinganisha karatasi. Sahani nyeupe ya kauri kwa ajili ya kuchanganyia. Brashi mbili, tishu, penseli, kalamu ya wino mweusi usiotoka kwa maji, na bomba la sindano la famasi, la mililita 2, bila sindano yenyewe.

Maji nayo ni kifaa. Maji ya bomba hapa Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, na maji ya chini ya ardhi yanakuja na madini yake. Mwenye birika anaujua ule ukoko mweupe. Madini hayo yanaweza kuzifanya chembe za rangi zishikane na kukaa kwenye karatasi tofauti na zinavyokaa kwenye maji laini. Kwa hiyo chukua maji ya aina moja, uyatumie kwa rangi zote tano. Mimi leo nina maji ya mvua niliyokinga. Ya chupa yanafaa pia.

Hatua ya tatu, tayarisha karatasi. Piga mstari mmoja mrefu wa wino mweusi kutoka kushoto hadi kulia, uuache ukauke kabisa. Chini ya mstari gawa nafasi tano, na kila nafasi uandike kwa penseli jina la kampuni na kodi. Andika sasa hivi, kabla ya rangi. Zikishakauka, nne kati yake zitakuwa karibu sana hata ukazichanganya.

Hatua ya nne. Bonyeza rangi kutoka kila tyubu, kiasi cha punje ya mtama, punje zote zilingane kadiri uwezavyo. Viridian ina tabia moja ambayo ni vizuri uijue: ikikaa sana, gundi inaweza kujitenga na unga, na ukifungua linatangulia tone la majimaji yanayonata. Likitoka tone hilo usilipime kama rangi. Chukua kijiti cha meno, koroga ndani ya mdomo wa tyubu, kisha bonyeza upya. Halafu kwa bomba la sindano weka nusu mililita ya maji kwenye kila punje. Koroga moja, suuza brashi mpaka maji yawe safi, nenda ya pili.

Sasa tupake. Kwa kila rangi, vuta brashi kutoka juu ya mstari mweusi kwenda chini, anza na rangi iliyokolea, kisha ongeza maji kidogo kidogo mpaka chini kabisa ibaki kama kivuli tu. Usirudie rudie. Vuta, acha.

Hewa yetu ni kavu na karatasi itakauka ukiwa bado unasuuza brashi, basi paka nafasi moja umalize ndipo uhamie nyingine. Kama unarekodi au unachora miezi ya Juni hadi Agosti, funga dirisha. Upepo wa Dodoma unabeba vumbi, na vumbi jekundu likitua kwenye kijani kibichi utaona kahawia ambayo hakuna kampuni iliyoiweka.

Zimekauka. Njoo karibu na kamera, hapa ndipo pazuri. Tazama hii PG18, sehemu ya katikati. Karatasi ina vibonde vidogo vidogo, na chembe za kijani zimetuama ndani ya vibonde hivyo. Kwenye vilele karatasi imebaki nyeupe kidogo. Rangi inaonekana ina punjepunje, kama ukuta uliopakwa chokaa juu ya plasta ya mchanga. Sasa hamia PG7. Laini tupu. Rangi imelala sawasawa juu na chini, haina punje hata moja. Hata kama mtu angefuta majina yote, kwa jicho hili ungeweza kuzitenga.

Na mstari mweusi? Unaonekana wazi chini ya rangi zote tano. Zote zinapitisha mwanga. Hapo hakuna ushindi wala kushindwa.

Zile nne zenyewe zinatofautiana wapi? Unga ni mmoja, lakini kila kiwanda kinausaga kwa namna yake, kinaweka kiasi chake, na kinauchanganya na vitu vyake. Msingi wa zote ni gundi ya miti ya jamii ya migunga, hii hii inayoota nchi kame kama yetu. M. Graham wanaongeza asali. Asali inavuta unyevu, kwa hiyo rangi yao haikauki ikawa jiwe. Mtu wa Tanga au Zanzibar ataniambia rangi hiyo inabaki inanata kwenye paleti. Hapa kwetu, palipo pakavu, naiona ni faida kubwa: unarudi baada ya siku kadhaa, unagusa kwa brashi yenye maji, na rangi inaamka mara moja. Viridian iliyokauka inasifika kwa ukaidi, mara nyingi unalazimika kuidondoshea maji na kuisubiri. Ndiyo maana jaribio la kulowanisha upya nalifanya kila mara. Acha mabaki kwenye sahani mpaka kesho, kisha hesabu ni mizunguko mingapi ya brashi inahitajika mpaka rangi itoke vizuri. Kwa mchoraji wa Dodoma jaribio hili lina uzito kuliko hata uzuri wa kijani chenyewe.

Hatua ya tano, kuitoa rangi kwenye karatasi. Lowanisha brashi safi, ikamue, sugua katikati ya kila nafasi mara kumi, kisha bandika tishu na ubonyeze. Oneni PG18, zote nne: zinanyanyuka, karatasi inarudi karibu na weupe wake. PG7 imeng'ang'ania. Unaweza kusugua mpaka karatasi ianze kutoa nyuzi, alama itabaki. Hili ni jambo kubwa kwa anayependa kurekebisha, na kwa anayefungua mwanga ndani ya majani baada ya kupaka.

Hatua ya sita ni nguvu. Chukua guashi nyeupe, yaani rangi ya maji nzito isiyopitisha mwanga, pima mafungu matano yanayolingana, kila fungu ulitie tone moja la rangi yake kwa bomba la sindano. Ukichanganya, nyeupe za PG18 zinakuwa kijani cha upole sana, na ile iliyokolea zaidi kati ya nne ndiyo yenye unga mwingi, hapo unajua hela yako imeenda wapi. Ile ya PG7 inakuwa kijani cha kupiga kelele. Fthalo ina nguvu kiasi kwamba ukichanganya na njano unatakiwa uiguse kwa ncha ya brashi tu, la sivyo inameza kila kitu.

Hatua ya saba, na mimi ndiyo naipenda kuliko zote, ni kuchanganya. Viridian peke yake siyo kijani cha kwetu. Hakuna jani la Dodoma lenye rangi hiyo. Tia kahawia iliyochomwa, yaani Burnt Sienna, na hapo hapo unaiona minyaa ya uzio na migunga ya kiangazi. Tia njano, unapata jani changa la mzabibu mvua zikianza. Tumia njano ileile na kahawia ileile kwa zote tano.

Kisha jaribu na rozi ya kwinakridoni, yaani rangi ya waridi, kodi yake ni PV19. Kijani na rozi zinauana, zinakuwa kijivu. Kwa PG7 kijivu ni safi, kimetulia. Kwa PG18, ngoja kikauke uone: punje za kijani zimetuama kwenye vibonde, na wekundu umesambaa pembeni yake. Ni kijivu chenye uhai, ndicho hasa kijivu cha yale mawe makubwa ya vilima vyetu, Mlimwa na vingine. Hakuna PG7 itakayokupa jiwe hilo.

La mwisho ni jua. Kata ukanda wa karatasi yenye rangi zote, uukate tena katikati kwa urefu. Nusu weka ndani ya kitabu, nusu bandika dirishani, andika tarehe nyuma. Chagua dirisha la mashariki. Sisi tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, jua la Juni linapita upande wa kaskazini na la Desemba linapita kusini kidogo, lakini la asubuhi linaingia mashariki mwaka mzima. Baada ya miezi mitatu linganisha. PG18 na PG7 zote ni imara mno juani, usitegemee mabadiliko. Jaribio hili ni kwa ajili ya kile kijani cha boksi la shule kisichoandikwa kodi yoyote, kiweke pembeni yake. Ukiuza picha kwa mtu, picha hiyo inaenda kutundikwa sebuleni kwake, na anakuamini.

Sasa ununue ipi? Kama una hela ya tyubu moja tu, chukua PG7. Ni nafuu, ina nguvu, tyubu ndogo inakupeleka mbali, na ukijifunza kuishika kwa mkono mwepesi inakupa kila jani. Kama unachora mawe, vumbi, na miti ya mbali, na unapenda kurudi kurekebisha, weka akiba ununue PG18. Kwa ukavu wa huku mimi ningeanza na yenye asali.

Na ukiagiza kwa simu, usitume jina la rangi peke yake. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akupigie picha nyuma ya tyubu, kwa karibu, kodi isomeke.