Kikombe cha Kahawa: Kabla na Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, kwa wanaojiandaa na upasuaji na watu wa nyumbani kwao

Assalaam alaykum, mama zangu, baba zangu na vijana wetu.

Vikombe hivi mnavijua, ni vile vile vya kahawa ya barazani. Kimoja kikijazwa kinachukua mililita 60; kimepimwa kwa bomba la sindano. Mfuko wa chakula wa mtu mzima hutanuka ukachukua lita moja na zaidi. Aliyefanyiwa slivu, kwa maana ya mkono wa kanzu, ameondolewa robo tatu ya mfuko ule au hata asilimia 80, ukabaki mrija wa mililita 100 hadi 150. Hivyo ni vikombe viwili na kidogo. Aliyefanyiwa baipasi ameachiwa kijifuko cha juu tu, kiasi cha mililita 30, na utumbo mdogo ukapandishwa ukashonwa hapo. Nusu kikombe.

Tumeomba kila mgonjwa aje na anayempikia kwa sababu moja. Kisu kinamaliza kazi yake kwa saa mbili hivi. Iliyobaki inafanyika jikoni, na jiko mara nyingi si la mgonjwa. Ni la mama, la mke, la wifi. Asiyejua ukubwa wa kikombe hiki atapakua kwa mapenzi, na mapenzi yale yatamtapisha mtu.

Nani anastahiki? Chukua uzito kwa kilo, ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 110 na urefu wa mita 1.60 anapata 43. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 inaanzia 35 kwa yeyote, na kwa mwenye kisukari cha ukubwani inaruhusu kufikiriwa tangu 30. Puto la tumboni, kama wanaloweka hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, ni jambo jingine: hakuna kinachokatwa, na baada ya miezi sita au mwaka linatolewa. Leo silizungumzi.

Kabla ya upasuaji kuna vipimo: damu, sukari, ini, kamera ya kuangalia mfuko wa chakula, na kwa anayekoroma huku pumzi zikikatika usingizini, uchunguzi wa hilo pia, maana dawa ya usingizi ina hatari zaidi kwake. Sigara iachwe wiki sita kabla kwa uchache. Na hapa hakuna "moja tu baada ya futari". Moshi unazuia mshono kupona, na kwa wa baipasi unaleta kidonda pale paliposhonwa.

Wiki mbili za mwisho ndizo zinazoharibiwa sana. Ini la mtu mnene limejaa mafuta, na upande wake wa kushoto umelala juu ya mfuko wa chakula. Daktari anafanya kazi kwa vijitundu, hana budi kulinyanyua ini ndipo aone anachokikata. Likiwa kubwa na laini linachanika, linatoka damu, na wakati mwingine inabidi afunge bila kufanya kitu. Kwa hiyo wiki mbili hizo mgonjwa anakula kalori 800 hadi 1,000 kwa siku: samaki wa kuchemsha, mayai, mboga za majani, maziwa yasiyo sukari. Wali, boflo, muhogo, ndizi, juisi na soda vinakaa kando. Ini linasinyaa kweli. Kisha watu wanafanya karamu ya kuaga biriani siku tatu kabla ya safari, ini likajaa tena! Mwenye kisukari asianze chakula hiki kabla daktari hajampunguzia dawa, hasa sindano za insulini na vidonge vya glibenklamidi, la sivyo sukari itaanguka usiku.

Wiki hizo zitumike pia kwa mazoezi ya namna ya kula. Kula kwa kijiko cha chai. Tafuna mara 20 hadi 30 kabla ya kumeza. Mlo mmoja uchukue dakika 20 mpaka 30, na maji yasinywewe na chakula. Nimeona wenye nidhamu kubwa wakishindwa na hilo la maji, kwa sababu tumezoea kushushia.

Safari ya kurudi Pemba baada ya upasuaji. Mshono ukivuja, mara nyingi huvuja katika wiki mbili za mwanzo, kwa hiyo usifanye haraka ya kupanda boti. Kaa Unguja au Dar es Salaam mpaka daktari akuruhusu. Wakati wa kusi bahari inachafuka, na kutapika saa kadhaa ukiwa na mshono mbichi si jambo la kujaribu. Omba dawa ya kichefuchefu mapema, na kila baada ya muda inuka utembee au uchezeshe miguu, damu isigande.

Na urudi na karatasi. Ionyeshe aina ya upasuaji, tarehe, dawa unazotumia na simu ya daktari. Ukifikishwa usiku hospitali ya Mkoani au hapa Chake, daktari wa zamu hakujui. Karatasi ndiyo itakayomwambia kuwa njia yako ya chakula imebadilishwa, na kwamba bomba la puani lisiingizwe kwa kubahatisha, maana linaweza kutoboa palipo na mshono.

Haya, jikoni. Siku ya kwanza na ya pili ni vimiminika vyepesi: maji, supu iliyochujwa, chai ya tangawizi isiyo sukari. Mpaka mwisho wa wiki ya pili ni maziwa, mtindi mwepesi, supu ya samaki iliyosagwa ikachujwa. Wiki ya tatu na ya nne ni vya kupondwa, laini kama uji mzito: samaki asiye mwiba aliyepondwa na mchuzi wake, choroko zilizoiva zikavurugika. Ya tano na ya sita ni vilaini, yai la kuchemsha, changu wa kupakwa tui jepesi, boga. Baada ya hapo chakula cha kawaida huingia kimoja kimoja, na ratiba ya daktari wako ikitofautiana na hii, fuata yake.

Vitu vitatu vitakwama. Boflo laini ukilitafuna linageuka donge la unga, likafika pale pembamba likaziba. Wali wa jana uliokauka, hivyo hivyo. Na pweza, ambaye hata mwenye mfuko mzima anamhangaikia. Kikikwama utahisi uzito kifuani, mate yanajaa mdomoni, na kitarudi. Usikisukume kwa maji: maji hayana pa kupita, yatarudi nacho. Simama, tembea polepole, ngoja. Usipoweza kumeza hata mate kwa saa kadhaa, nenda hospitali.

Protini ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, na hapa ndipo hesabu inapokuwa ngumu kwa vikombe hivi. Mayai mawili yana gramu 12. Bilauri mbili za maziwa, 16. Samaki wa kiganja kimoja, gramu 100 akishapikwa, ana 22 hivi. Choroko zilizopikwa gramu 100, gramu 7. Jumla 57, na bado hatujagusa wali. Ndiyo sababu kwenye sahani samaki aliwe kwanza, mboga ya pili, na wali kama nafasi ipo. Nafasi mara nyingi haipo. Vijiko viwili vya chakula vya maziwa ya unga ndani ya supu vinaongeza gramu 4 bila kuongeza ujazo wa maana.

Maji ni lita moja na nusu. Kwa kikombe hiki ni vikombe 25. Ukinywa kimoja kila nusu saa kwa mafunda madogo, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 3 usiku, ukitoa nyakati za mlo, umefika. Ukishakula ngoja nusu saa ndipo uendelee.

Sinia lina shida yake. Ukila na watu sita huwezi kujua umekula kiasi gani, na mkono unafuata mwendo wa wenzako. Wekewa kisahani chako, hata kwenye shughuli, na asemaye "mbona unasusa?" ajibiwe na mwenye nyumba, si na mgonjwa. Wengine wataanza kunong'ona: amekonda, ana maradhi gani? Hilo pia lijibiwe na watu wa nyumbani, na mapema.

Sukari: halua, visheti, maji ya miwa. Kwa wa baipasi hasa, sukari inamwagikia utumboni kwa kishindo. Ndani ya nusu saa moyo unakwenda mbio, jasho, tumbo linasokota, kuharisha. Au baada ya saa moja hadi tatu, insulini iliyomwagika nyingi inaangusha sukari ya damu, mtu akatetemeka na kuona kizunguzungu. Nyumba nzima inatafuta kombe, yale maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Sina neno na kombe, lakini ulizeni kwanza amekula nini.

Vidonge vya vitamini ni vya maisha. B12, kwa vidonge kila siku au sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi. Kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500, ila kwa mafungu yasiyozidi 600, kwani zaidi ya hapo mwili hauipokei kwa mara moja. Madini ya chuma miligramu 45 hadi 60 kwa wanawake wanaopata hedhi, yaachane na kalsiamu kwa saa mbili na yasimezwe na chai, chai inayashika. Damu ipimwe mwezi wa tatu, wa sita, wa 12, kisha kila mwaka. Nywele zitapukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Kwa kawaida zinarudi, mradi protini na chuma havikukosekana.

Dukani msinunue diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo. Aliyefanyiwa baipasi zinamtia kidonda kwenye maungio, na kidonda kile hutoboka. Parasetamoli inatosha.

Mapigo ya moyo yakipita 120 kwa dakika ukiwa umepumzika, homa, maumivu ya tumbo yanayopanda begani, mguu mmoja kuvimba, au pumzi kukatika: ni hospitali saa hiyo hiyo, haingojwi asubuhi. Kutapika siku mbili tatu mfululizo nako msikuchukulie kuwa ni kawaida ya upasuaji. Vitamini B1 inakwisha mwilini, macho yanaanza kucheza, mwendo unayumba, akili inachanganyika, na madhara yake hubaki. Mwambieni daktari B1 itangulie dripu ya sukari.

Kina mama, uzito ukishuka mimba hushika kwa urahisi kuliko zamani, hata kwa aliyekaa miaka bila mtoto. Ngojeni miezi 12 hadi 18. Baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango havitegemeki. Sindano, kijiti au kitanzi ni bora.

Ramadhani naiweka mwisho kwa kuwa najua ndiyo mtakayouliza. Mwaka wa kwanza madaktari wengi hawaruhusu kufunga, na rukhsa ya mgonjwa ipo; la kadha na fidia muulizeni shekhe wenu. Sababu ni vile vikombe 25. Kati ya magharibi na alfajiri ni saa kumi na kitu, na ndani yake mna futari, tarawehe, usingizi na daku. Ukiyanywa yote kwa mkupuo utatapika, ukiyaacha figo zitalia. Atakayeruhusiwa baadaye afungue kwa tende moja na mafunda ya maji, akaswali, ndipo arudi kwenye samaki, si kwenye tambi za sukari.

Pale mezani kuna jagi la maji na mabomba ya sindano. Kila nyumba ichukue kikombe, imimine mililita 30, ikitazame vizuri, halafu tuingie kwenye maswali.