Mafunjo Uani, Bila Kugeuza Ua Kuwa Kinamasi

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo tuko uani kwangu hapa Entebbe, na hiki mnachokiona kando ya bomba si majani ya kawaida. Ni mafunjo, ambayo Waganda huyaita ebitoogo. Lishike shina hivi, lizungushe vidoleni: unazisikia pembe tatu? Ndiyo alama ya ukoo wao. Ndago, yule mkorofi wa shambani, ni ndugu yao, kwa hiyo usishangae mama mkwe akikuuliza umelogwa na nani.

Wala hakosei. Mara ya kwanza niliyapanda ardhini, pale maji ya karo yanapomwagika. Misimu miwili tu ya mvua, machipukizi yakawa yananichungulia katikati ya matofali ya njia. Urefu haunisumbui, hata yafike mita 4. Kinachotambaa ni shina nene la chini ya udongo, na hilo ndilo la kufungia.

Basi, chukua beseni kubwa lisilo na tundu, kina chake kama sentimita 40. Chini weka samadi iliyooza vizuri, kiasi cha viganja viwili. Juu yake jaza udongo mzito. Mimi nimetumia wa kichuguu. Udongo mwepesi ukitiwa maji huelea, utaudhika bure.

Kipande cha kupanda, cha lile shina la chini ya udongo, mwombe mwenye kitalu cha miche. Usiende kuchimba kinamasini, vinamasi vyetu vinalindwa na sheria. Tazama hiki: urefu wa kiganja, na hapa pembeni pana chipukizi lililochongoka kama ncha ya mkuki. Kilaze, usikisimamishe. Chipukizi litazame juu, mgongo ufunikwe kidogo tu.

Sasa mwaga changarawe, kisha maji, taratibu. Maji yaishie chini kidogo ya uso wa changarawe, yasionekane. Yakionekana, umewafungulia mbu nyumba ya wageni. Beseni likae juani, na wakati wa kiangazi uongeze maji kila yanapopungua.

Usafi wake ni kisu. Shina likigeuka kahawia, likate chini kabisa, hapa. Ukilikata katikati halitoi kichwa kingine, litabaki kisiki kinachokukodolea macho. Ganda lake libandue likiwa bado na unyevu, ulisokote: ile kamba iliyofungia nyanya zangu pale nyuma imetoka kwenye beseni hilihili.